Mwanangu anasema "balabala": je, akatwe chini ya ulimi?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina mtoto wa kiume wa miaka saba, yuko darasa la pili hapa Mtwara mjini. Mpaka mwaka jana alikuwa anakaa na bibi yake kijijini, upande wa Newala, na huko wanaongea Kimakonde kutwa nzima. Tatizo lake ni herufi R. Haiwezi kabisa. Barabara anaita balabala, sukari anaita sukali, na sasa hata kwenye daftari anaandika hivyohivyo. Mwalimu ameniambia mtoto ana ulimi mzito. Wenzake wanamcheka, siku hizi akiulizwa swali darasani ananyamaza tu. Jirani yangu anasema kuna mzee anakata kile kigozi cha chini ya ulimi na mtoto anafunguka. Shemeji naye anasema tuache kabisa Kimakonde nyumbani. Nimechanganyikiwa. Mwanangu ana shida gani, na nimpeleke wapi?"

Mama, nianze na la haraka: usimpeleke mtoto kwa huyo mzee. Mengine yote yanaweza kusubiri umalize kusoma, hilo haliwezi.

Nikikuelewa sawasawa, una hofu tatu. Unahofia mwanao ana kasoro mdomoni. Unahofia Kimakonde cha kwa bibi kimemharibia Kiswahili. Na ya tatu hukuitaja kwa jina, ila imo katika ile sentensi yako kwamba akiulizwa swali ananyamaza. Hiyo ya tatu ndiyo inayonishughulisha kuliko mbili za kwanza, na nitairudia. Lakini tuanze na mdomo, kwa sababu huko ndiko kuna kisu.

Umeniandikia mwenyewe kwamba mtoto anasema "balabala". Hebu tulitazame neno hilo kwa utulivu. Ametamka L mara mbili, safi kabisa. Sasa fanya jambo moja hapo ulipokaa. Sema "la", halafu rudia lakini usiifikishe a: shikilia L peke yake, "lllll". Utasikia ncha ya ulimi imegota kwenye ufizi wa juu, nyuma tu ya meno. Usiutoe ulimi hapo, vuta pumzi ndani kwa mdomo. Umesikia ubaridi ukipita wapi? Pembeni, kushoto na kulia mwa ulimi. Ndivyo L inavyotengenezwa: ncha inaziba katikati, hewa inatambaa kando. Wanaisimu wetu wameipa jina zuri, kitambaza.

R ya Kiswahili inatengenezwa palepale, kwenye ufizi uleule. Tofauti ni kwamba safari hii ncha haigandi. Inalegezwa kidogo, pembeni panazibwa, na hewa inayosukumwa kutoka kwenye mapafu inaifanya ncha ipige ufizi na kuachia, ipige na kuachia. Ukiivuta "rrrr" ndefu, mapigo hayo hufika kama 25 hadi 30 kwa sekunde. Hakuna msuli unaoweza kuamriwa ufanye kazi kwa kasi hiyo. Upepo ndio unaofanya. Ni kama bendera pale bomani: hakuna mtu anayeitikisa, imefungwa upande mmoja na upepo unaipiga. Sauti hii inaitwa kimadende. Katika mazungumzo ya kawaida hatuivuti hivyo, pigo moja au mawili yanatosha, ndiyo maana ukisema "habari" haraka huwezi hata kuyahesabu.

Nimekueleza haya yote ili uone jambo moja. Kama kigozi cha chini ya ulimi kingekuwa kifupi kiasi cha kumzuia, ulimi wake usingefika kwenye ufizi. Usingefika kwa R, na usingefika kwa L pia, wala kwa T, D na N, maana zote zinatengenezwa papo hapo. Mwambie leo aseme: lala, tatu, dada, nanasi. Kama anazisema vizuri, na kwa ulivyoandika naamini anazisema, basi ulimi wake unafika unakotakiwa kufika. Hiyo L wanayomcheka nayo ndiyo ushahidi kwamba ulimi wake ni mzima.

Ukitaka kujiridhisha zaidi, mpake asali kidogo kwenye ufizi wa juu, nyuma ya meno, umwambie ailambe bila kutumia kidole. Halafu alambe mdomo wa juu. Akiweza hayo mawili, lile suala la kukata tumelimaliza.

Sisemi kwamba ulimi uliofungwa ni hadithi. Upo. Wapo watoto wanaozaliwa na kigozi kifupi na kinene, na mara nyingi hujulikana mapema, mtoto anaposhindwa kushika vizuri titi. Wakihitaji kufunguliwa, hufanyiwa hospitalini kwa vifaa safi, na damu ikitoka kuna anayejua kuizuia. Kukatwa nyumbani kwa wembe ni jambo jingine kabisa. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na matundu ya mate. Kidonda kinaweza kuvuja sana, kinaweza kuingiwa na vijidudu, na pepopunda haichagui mtoto wa nani. Halafu kikipona hubaki kovu, na kovu hujikunja, kwa hiyo ulimi uliokuwa huru unaweza kubanwa na dawa yenyewe. Nimewaona watoto wa namna hiyo mezani kwangu. Walikuja na tatizo la R, wakaondoka na kazi ya kufundishwa upya L na T walizokuwa nazo. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu mama zao waliwapeleka kwa mapenzi, kama ulivyotaka kufanya wewe.

Haya, kama ulimi ni mzima, R imekwenda wapi?

Haijaenda popote, hakuwahi kupewa. Kimakonde cha bibi yake hakina R. Kina L, na L hiyo inafanya kazi zote. Kiyao ni hivyohivyo, na Kimwera cha upande wa Lindi. Kimakua cha Masasi ni tofauti, kina L na R zote mbili kama sauti mbili zinazojitegemea, ila chenyewe hakina B, D wala G za asili, kwa hiyo Mmakua anayejifunza Kiswahili hukutana na mtihani wake kwingine. Kila lugha hufika Kiswahilini na mzigo wake.

Wala jambo hili haliishii kusini mwa Tanzania. Sauti za jamii ya L ni miongoni mwa sauti zilizoenea sana duniani; katika lugha 567 alizolinganisha mwanaisimu Ian Maddieson, ni 95 tu ambazo hazina hata moja. Lakini kuwa na L na R kwa pamoja, kama sauti mbili zinazobadili maana, hilo si la kila lugha. Mjapani ana sauti moja tu, pigo moja la ulimi linalofanana zaidi na R yetu. Hoteli kwake ni "hoteru", na akitaja Lindi utasikia "Rindi". Mkikuyu wa Kenya ana R, hana L. Wenyeji wa visiwa vya Hawaii wana L bila R, na ndugu zao wa mbali, Wamaori wa New Zealand, wana R bila L. Neno lao la upendo ni lilelile moja: Hawaii ni "aloha", kwa Wamaori ni "aroha". Hakuna kati yao mwenye ulimi mzito.

Kikorea kinafaa zaidi kwa hali ya mwanao, kwa sababu Mkorea ana L na ana R, zote anazitamka kila siku, ila hajui kwamba ni mbili. Maji kwa Kikorea ni "mul". Ukiongeza i mwishoni, kama sarufi yao inavyotaka neno likiwa kiima, linasikika "muri". L iliyokuwa mwisho wa neno imegeuka R ilipokaa katikati ya irabu, na mwenye lugha haoni kama kuna kilichobadilika. Kwake ni sauti moja, na herufi yake ni moja. Luganda nayo ni hivyo. Waganda huandika R baada ya e na i, na L kwingine kote. Zama moja ni "omulembe", zama nyingi ni "emirembe". Neno ni moja, kilichobadilika ni irabu iliyotangulia. Kwa Mganda L na R ni kama mkono mmoja ukiwa umekunjwa na ukiwa umenyooshwa.

Na jirani zetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma? Ninyi wa Mtwara mmeshazoea kuwasikia wakisema "obrigado" wakishukuru. Hilo ni neno la Kireno lililotoka katika Kilatini, na huko lilikuwa na L: "obligatus". Nyeupe kwa Kihispania ni "blanco", kwa Kireno ni "branco". Taifa zima la Wareno lilihamisha L ikawa R katika maneno mengi, na leo hiyo ndiyo lugha sanifu inayofundishwa shuleni kwao.

Hata Kiswahili chenyewe hakijatulia kuhusu L. Njaa, Wachewa wa Malawi wanaiita "njala". Mvua wanaiita "mvula". Kuvaa ni "kuvala". Wazulu kule Afrika Kusini wanasema "imvula" kwa mvua na "indlala" kwa njaa. L ilikuwepo tangu zamani, sisi Waswahili ndio tuliiangusha. Lakini iliacha nyayo. Mtu anazaa, mtoto ana-zaliwa. Unanunua, kitu kina-nunuliwa. Unapokea, barua ina-pokelewa. Umewahi kujiuliza hiyo L inatoka wapi? Ni ileile ya zamani, imekaa ndani ya shina la neno, inajitokeza tu ukiongeza kiambishi. Mwanao akisema "njala" kama Kimakonde chake kinavyomtuma, analishika neno katika umbo la zamani kuliko langu.

Na tazama neno lenyewe la ulimi. Mmoja ni ulimi, nyingi ni ndimi. L imegusana na N ikageuka D. Mti ni mrefu, nyumba ni ndefu. Hapo ni R iliyogusana na N, nayo ikageuka D. L, R na D ni ndugu wa nyumba moja, zote zimezaliwa kwenye ufizi, na kila mara lugha inazibadilishana. Hili litatusaidia sana tukifika kwenye mazoezi, liweke akilini.

Sasa tuje kwenye sikio, maana kwa maoni yangu tatizo la mwanao liko huko zaidi kuliko mdomoni. Mtoto mchanga anazaliwa na masikio ya dunia nzima. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Patricia Kuhl waliwapima watoto wa Kijapani na wa Kimarekani kwa sauti za R na L za Kiingereza. Wakiwa na miezi sita hadi minane, watoto wa pande zote mbili walizitofautisha kwa kiwango kimoja. Walipofika miezi kumi hadi kumi na miwili, Wamarekani walikuwa wamepanda na Wajapani wameshuka. Hawakuwa wamepungukiwa na kitu. Ubongo ulikuwa umeshajua lugha ya nyumbani inahitaji tofauti zipi, na zisizohitajika umeacha kuzipa uzito. Mwanao, mgongoni kwa bibi, alifanya vilevile. Kwa miaka sita hakuna siku hata moja ambayo kutofautisha L na R kulimsaidia kupata chakula au kubembelezwa.

Kiswahili kinaitaka tofauti hiyo, na kinaitaka kwa nguvu. Kula na kura. Kalamu na karamu. Mahali na mahari. Hali na hari. Fahali na fahari. Lakini angalia jambo linalonipendeza sana katika maneno haya: ukiacha kula, yote yana asili ya Kiarabu, lugha ambayo tangu zamani imezitenga L na R. Jozi hizi ziliingia kwetu kwa njia ya bahari, Kilwa, Mikindani, pwani yote. Bibi aliyezaliwa na kukulia juu kwenye uwanda wa Newala hakuwa na sababu ya kuzibeba.

Kwa hiyo kazi yako na mtoto ianze na kusikia. Wazazi wengi wanaanzia mwisho: wanamsimamisha mtoto mbele yao, "sema rrrr, sema rrrr", mtoto anakaza shingo, anakaza ulimi, na ulimi uliokazwa ni bendera iliyolowa, haipepei. Akishindwa mara kumi mbele ya mama yake, ya kumi na moja hajaribu.

Chukua vikombe viwili. Kimoja andika L, kingine R. Mpe korosho kumi. Wewe sema neno moja, aweke korosho kwenye kikombe cha sauti aliyoisikia: rafiki, limau, redio, lete, kura, kula. Usimtake atamke chochote. Mdomo wako uufunike kwa kitabu baada ya siku chache, asisome midomo. Akikosea, rudia maneno mawili kwa pamoja, "kula, kura", asikie tena, basi, bila kugomba. Mchezo ukiisha azile korosho zake. Siku za kwanza atakuwa anabahatisha. Akifikisha nane au tisa kwenye kumi kwa siku kadhaa mfululizo, sikio limefunguka. Mshirikishe mjomba, shangazi, mpangaji, mtu yeyote anayeitofautisha R na L vizuri. Hilo si pambo: majaribio ya kuwafundisha Wajapani watu wazima R na L ya Kiingereza yalionyesha kwamba sauti za wasemaji wengi tofauti huwasaidia kuitambua tofauti hata kwa msemaji ambaye hawajawahi kumsikia. Kama mtu mzima anaweza, mtoto wa miaka saba ana nafasi nzuri zaidi.

Sikio likishafunguka, ndipo ulimi. Hapa tunamtumia yule ndugu, D. Mwanao anaisema D vizuri. Mwambie aseme "dededede" kwa kasi, kwa wepesi, kama anayegonga mlango kwa ukucha. Halafu "ada, ada, ada", akizidi kulegeza. Kuna wakati D itakuwa nyepesi mno, na utasikia "ara" imetoka yenyewe. Usipige kelele za furaha; mwambie tu, "hiyo hapo, irudie." Mtoto mmoja wa kike niliyefanya naye kazi alikaa wiki tatu kwenye "ada". Siku moja alikuwa anachora, hanitazami, anaimba "adaadaadaa" kwa uvivu, mara nikasikia "araaraa". Aliacha penseli akanitazama. Alikuwa ameisikia mwenyewe kabla sijasema neno.

Baada ya hapo peleka kwenye maneno ambayo R imesukumwa na T au D: treni, trekta, drafti. Hizo konsonanti zinaukuta ulimi umeshagota kwenye ufizi, R inapata pa kuanzia. Kisha R katikati ya irabu, neno lenye moja tu, kama sukari au korosho. R ya mwanzo wa neno, kama rafiki, ifuate. Barabara iache ya mwisho, ina R mbili na mtoto ameshachekwa nayo vya kutosha. Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha kabisa. Nusu saa mara moja kwa wiki haitasaidia kitu. Wengine huipata ndani ya wiki chache, wengine miezi. Wapo wasiopata ule mtetemo mrefu kamwe, wanabaki na pigo moja, na pigo moja ndilo Kiswahili kinalohitaji.

Kuna hatua itakuja njiani ambayo inawatisha wazazi, nataka ikukute umejiandaa. Mtoto ataanza kuweka R mahali pa L. Utasikia "chakura", "kurara", "rete". Usidhani amerudi nyuma. Ameshajua kuna sauti mbili, anachokosa ni kujua ipi inakaa wapi, na hilo ni suala la kukariri maneno tu. Msahihishe kwa kulirudia neno sawasawa ndani ya sentensi yako: "Ee, chakula kiko tayari, njoo." Inatosha.

Kuhusu daftari nitakuwa mkweli kwako. Kama ningelazimika kuchagua kati ya matamshi na tahajia, ningeanza na tahajia. Watu wazima wengi wa kusini wanatamka "habali", wanaheshimika, wanaongoza ofisi, wanahutubia mikutano, na hakuna anayekosa kuwaelewa. Lakini mtihani wa shule unasahihishwa kwa macho. Mtoto anayeandika anavyotamka atapoteza alama kila mwaka kwa maneno yaleyale. Tengenezeni daftari dogo la maneno ya R, matano kwa wiki, kila moja na picha aliyoichora mwenyewe. Anaweza kuandika "barabara" sahihi hata kabla ulimi wake haujaweza kuitamka, na akiiona imeandikwa, sikio nalo linasaidika.

Shemeji anasema muache Kimakonde. Ninamheshimu shemeji, lakini hapa sikubaliani naye kabisa. Kukiacha Kimakonde hakutaleta R. R italetwa na kuisikia na kuifanyia mazoezi kwenye Kiswahili. Mtoto ana uwezo wa kubeba lugha mbili, tatu hata nne bila moja kuisukuma nyingine nje. Atakachopoteza ni kuzungumza na bibi aliyemlea. Fikiria mtoto ambaye shuleni anachekwa kwa Kiswahili chake, halafu nyumbani anaambiwa na lugha yake nyingine nayo ni mbaya. Ataongea na nani? Hapo ndipo kimya kinapozaliwa, na kimya, mama, ni kigumu kukitibu kuliko R.

Ndiyo maana naomba uende shuleni wiki hii. Nenda kwa mwalimu kwa adabu, peke yenu wawili, si mbele ya darasa. Usiende kumshtaki, mwalimu mwenye darasa kubwa hutumia maneno aliyoyakuta, na "ulimi mzito" ni neno tulilorithi wote. Mweleze kwamba mtoto amekuja na Kimakonde, kwamba mnafanya mazoezi nyumbani, na umwombe mambo mawili. Kwanza, asimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake kwa muda, amsikilize kando. Pili, akijibu swali la hesabu au sayansi kwa usahihi, asahihishwe jibu, asisahihishwe R. Mwalimu akimpokea mtoto bila kucheka, darasa huwa linafuata. Na kama ukiona huko shuleni kuchekwa kumegeuka kupigwa au kuadhibiwa kwa ajili ya matamshi, hapo usisite kufika kwa mwalimu mkuu.

Umeuliza umpeleke wapi. Kwa haya uliyoniandikia, sioni ugonjwa. Lakini mimi sijamwona mtoto, na yapo mambo ambayo ukiyaona itabidi nibadilishe jibu. Kama ile L, T, D na N pia zinamshinda. Kama akitoa ulimi nje ncha yake inakatika katikati mfano wa kopa. Kama hewa inamtokea puani anapoongea. Kama hata wewe na bibi, kwa Kimakonde, mnashindwa kumwelewa. Kama usaha unamtoka sikioni mara kwa mara, anaongeza sauti ya redio, au ukimwita kwa nyuma hageuki. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutofautisha L na R hata ukimpa gunia la korosho. Kama alikuwa anasema maneno vizuri akayapoteza. Na kama mmefanya mazoezi ya kusikia kwa miezi mitatu kwa uaminifu, na bado anabahatisha tu kama siku ya kwanza.

Ukiona lolote kati ya hayo, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia daktari wa masikio, pua na koo, aanze na masikio kabla ya mdomo. Wataalamu wa matamshi nchini bado ni wachache sana, kwa hiyo huenda ukapewa rufaa ya mbali. Ndiyo maana nimekuelekeza kwa urefu mambo unayoweza kuyaanza nyumbani. Ukienda, beba daftari lake la imla. Daktari au mtaalamu atataka kuona ni herufi zipi anazibadilisha na zipi hazigusi. Na mwambie kabisa kwamba mtoto amekulia kwenye Kimakonde, na mtoto atamke pia maneno machache ya Kimakonde wakati wa kupimwa. Mtoto anayepimwa kwa lugha yake ya pili peke yake huonekana mgonjwa hata kama hana ugonjwa.